Je, Ajali Haina Kinga? Mafundisho kutoka Milima ya Theluji

Wazee wetu husema: «Ajali haina kinga.» Tukisikia habari ya mtumbwi uliozama au ya motokari iliyopinduka, mara nyingi neno hilo ndilo la kwanza kutoka vinywani mwetu. Linawatuliza wafiwa, wala si neno la uongo, kwani hakuna mtu awezaye kuzuia kila baya lisimfikie. Lakini neno hilo hilo laweza kutumiwa pia kama nguo ya kufunikia kosa. Leo tunataka kulipima kwa habari za kweli, nazo tumezitafuta mbali sana, katika milima ya Ulaya iitwayo Alpi, ambako watu wengi huenda kuteleza juu ya theluji ili kujifurahisha. Tumekwenda mbali kwa makusudi. Mtu huona kosa la jirani upesi kuliko la nyumbani mwake. Na akiisha kuliona kwa jirani, hana tena udhuru wa kutoliona kwake.

Theluji na hatari yake

Hapa kwetu Kongo theluji ya kudumu iko juu kabisa katika mlima Ruwenzori, mpakani na Uganda, ambao kilele chake kikubwa chafika mita 5,109. Na hata huko inazidi kupungua. Lakini katika Alpi, kila mwaka wakati wa baridi, theluji hufunika mabonde na vijiji, na juu milimani kina chake huwa mita kadhaa.

Ikianguka, theluji ni nyepesi kama unyoya wa ndege. Lakini hujipanga tabaka juu ya tabaka. Likiwapo tabaka moja dhaifu katikati, yote yaliyo juu yake yaweza kuteleza kwa mara moja na kushuka mlima mzima. Hilo ndilo poromoko la theluji. Hushuka kwa mbio kupita motokari, likivunja miti na nyumba. Mtu aliyefunikwa nalo akitolewa katika dakika 10 au 15 za kwanza, kwa kawaida hupona. Lakini baada ya nusu saa wengi wamekwisha kufa kwa kukosa pumzi.

Watu wa zamani katika milima ile waliijua hatari hiyo, wakaiogopa. Hawakupanda juu kwa mchezo. Walipita tu, katika njia nyembamba zinazovuka kutoka Italia kwenda Uswisi na Ufaransa, na wengi walipotea. Yapata mwaka 1050 Mtakatifu Bernardo wa Menthon alijenga nyumba ya wageni katika njia moja ya hizo, mahali palipo na urefu wa mita 2,469. Watawa wa nyumba ile waliwapokea wasafiri, wakatoka nje kuwatafuta waliopotelea katika theluji. Baadaye walifuga mbwa wakubwa wa kuwasaidia. Mmoja wa mbwa hao, Barry, aliyeishi mwanzoni mwa karne ya 19, husimuliwa kwamba aliokoa watu 40. Mwaka 1923 Baba Mtakatifu Pio XI alimweka Mtakatifu Bernardo kuwa msimamizi wa watu wapandao milima. Naye Papa huyo aliijua Alpi kwa miguu yake mwenyewe, kwani alipokuwa padri kijana alikuwa mpandaji hodari.

Tukumbuke jambo moja: watawa wale hawakuwa na mashini yo yote. Kinga yao ilikuwa kuujua mlima, kuuheshimu, na kutoka usiku kwa ajili ya mtu wasiyemjua.

Mchezo unaingia, na mashini zake

Mbao ndefu za kutelezea juu ya theluji, ziitwazo ski, zilitoka katika nchi za kaskazini, hasa Norvegi, ambako zilikuwa viatu vya safari na vya kuwindia tangu kale. Mwishoni mwa karne ya 19 watu wa Alpi nao wakaanza kuzitumia. Mwaka 1924 michezo ya kwanza ya Olimpiki ya wakati wa baridi ilifanyika Chamonix, Ufaransa. Baada ya vita vya pili vya dunia mchezo huu ukawa wa watu wote. Vijiji vilivyokuwa vya wachunga ng'ombe maskini vikajaa mahoteli.

Basi mtu anayetaka kuteleza kushuka, sharti kwanza apande. Kwa hiyo zikatengenezwa mashini za kupandisha watu. Nyingine ni treni inayovutwa na kamba ya chuma. Nyingine ni kijumba kinachoning'inia hewani, ambacho sisi hapa tutakiita gari la kamba. Ni vema msomaji alifahamu gari hili, maana bila kulifahamu hataelewa mambo yanayofuata. Kwa kawaida lina kamba za chuma za namna mbili. Ya kwanza ni nene, haiendi popote. Ndiyo inayobeba uzito, na gari hutembea juu yake kwa magurudumu. Ya pili huvuta gari kupanda na kulizuia likishuka. Tena ipo breki ya hatari: kamba ya kuvuta ikikatika, breki hiyo huuma ile kamba nene kama meno, na gari husimama pale pale hewani. Watu wataogopa, watangoja saa nyingi, lakini watashuka wazima.

Mpaka hapa tumekwisha kuona hatari mbili: ile ya mlima wenyewe, na ile ya mashini tulizoweka mlimani. Tuzitazame moja moja.

Walivyojifunza juu ya theluji

Waswisi walianza mapema kuichunguza theluji. Mwaka 1936 wataalamu wao walipanda juu ya mji wa Davos, wakaanza kuikata theluji kwa tabaka, kuipima na kuiandika, kama mganga amchunguzaye mgonjwa. Hata hivyo, wakati wa baridi wa mwaka 1950 kuingia 1951 ulikuwa wa kutisha: katika Uswisi peke yake watu 98 waliuawa na maporomoko. Baada ya msiba ule walizidisha kazi. Walijenga vizuizi vya chuma juu milimani ili theluji isianze kuteleza. Wakachora ramani kuonyesha mahali ambapo si halali kujenga nyumba.

Wafaransa nao walifundishwa na msiba. Tarehe 10 mwezi wa pili, mwaka 1970, katika kijiji cha Val d'Isère, poromoko lilivunja nyumba ya vijana waliokuja kucheza ski. Ilikuwa asubuhi, nao walikuwa wanakula. Watu 39 walikufa. Ndipo serikali ya Ufaransa ilipoanza kuchora kwa bidii ramani za maporomoko katika milima yake yote.

Je, ramani ilitosha? Tusikilize habari ya Galtür, kijiji cha Austria. Mwezi wa pili wa mwaka 1999 theluji ilianguka kwa majuma, njia ya kutokea ikafungwa, na wageni pamoja na wenyeji wakabaki kijijini. Wengi hawakuwa na hofu, kwani kijiji kilikuwa na ramani ya hatari, na nyumba zao zilikuwa katika sehemu iliyotajwa kuwa salama. Tarehe 23, yapata saa kumi ya alasiri, poromoko likashuka, likapita mpaka wa ramani, likaingia katikati ya kijiji. Watu 31 walikufa. Kesho yake, katika Valzur, mahali palipo karibu, walikufa 7 wengine.

Waliochora ramani ile hawakuwa wavivu wala waongo. Waliandika yale yaliyopata kutokea na kukumbukwa. Lakini mlima haukuapa kwamba utarudia tu mambo yake ya zamani. Baada ya msiba watu wa Austria hawakusema «ajali haina kinga» wakaketi. Walipanua sehemu za hatari katika ramani zao, wakaweka vizuizi juu ya kijiji, wakajenga ukuta mkubwa wa kukinga nyumba.

Tangu mwaka 1993 nchi za Ulaya zimekubaliana namna moja ya kutangaza hatari ya theluji, kwa hesabu ya 1 hadi 5, na kila mchezaji anaweza kuisoma kabla ya kutoka. Pamoja na hayo, kila mwaka watu hufa, hasa wale wanaoacha njia zilizotiwa alama ili wateleze mahali ambapo theluji haijakanyagwa. Na jambo la kusikitisha ni hili: mara nyingi poromoko linalowaua halikuanza lenyewe. Limeanzishwa na uzito wao wenyewe au wa wenzao.

Cavalese, mwaka 1976

Sasa tuje kwa mashini. Cavalese ni mji mdogo katika milima ya kaskazini ya Italia, na gari la kamba huwapeleka watu juu ya mlima Cermis. Tarehe 9 mwezi wa tatu, mwaka 1976, gari lilikuwa linashuka, limejaa watu, wengi wao Wajerumani waliokuja kwa likizo, na watoto pia. Kamba mbili za chuma zilipandana, moja ikaikata nyingine. Gari lilianguka, na chuma kizito cha juu, chenye magurudumu, kikaliangukia na kuliponda. Watu 43 walikufa, na 15 katika hao walikuwa watoto. Alipona mmoja tu, msichana wa miaka 14.

Watu walipouliza sababu, jibu lilikuwa la uchungu. Mashini ile ilikuwa na kinga ya kujiendesha yenyewe, iliyowekwa ili kusimamisha gari kamba zikienda vibaya. Kinga hiyo ilikuwa imezimwa. Haikuharibika, ilizimwa na mkono wa mtu. Wakubwa wanne wa kazi ile walitiwa gerezani.

Mji huo huo ulipatwa na msiba mara ya pili tarehe 3 mwezi wa pili, mwaka 1998. Safari hii wenye gari hawakuwa na kosa. Ndege ya jeshi la Marekani, iliyokuwa katika mazoezi, ilipita bondeni chini sana kuliko amri ilivyoruhusu, ikaikata kamba. Watu wote 20 waliokuwamo walikufa. Mahakama ya jeshi ilimwachilia rubani katika shitaka la kuua. Lakini yeye na mwenzake aliyeongoza njia walifukuzwa jeshini, kwa sababu waliharibu utepe wa picha uliopigwa ndani ya ndege siku ile. Wasomaji wetu waone vema uzito wa tendo hilo. Anayeficha habari ya msiba huwanyang'anya walio hai kitu pekee ambacho wafu wangeweza kuwaachia, yaani fundisho.

Kaprun, mwaka 2000

Asubuhi ya tarehe 11 mwezi wa kumi na moja, mwaka 2000, yapata saa tatu, treni ilianza kupanda kutoka Kaprun, katika nchi ya Austria, kwenda juu ya mlima Kitzsteinhorn. Treni hii haikuwa na injini ndani yake. Ilivutwa na kamba. Sehemu kubwa ya njia yake ilipita katika handaki lililochimbwa mwambani, lenye urefu wa kilometa 3 na zaidi. Ndani walikuwamo watu 162, wamevaa viatu vizito na mavazi ya baridi.

Mwishoni mwa treni, upande wa chini, kulikuwa na chumba cha dereva ambacho hakina mtu wakati wa kupanda. Humo kiliwekwa kifaa cha umeme cha kutia joto, kilichotengenezwa kwa kutumiwa nyumbani, si garini. Karibu yake zilipita bomba za mafuta ya kuendeshea breki na milango. Mafuta yalivuja, yakakutana na joto, yakawaka. Treni ilikuwa imekwisha kuingia handakini, ikasimama humo. Milango haikufunguka. Madirisha yalikuwa ya plastiki ngumu, wala hapakuwa na nyundo ya kuyavunjia. Mitungi ya kuzimia moto ilikuwa katika vyumba vya dereva, mahali ambapo abiria hawakuweza kuifikia.

Wengine walifaulu kuvunja madirisha kwa ski zao, wakatoka. Basi waende wapi? Moto ulikuwa chini, kwa hiyo wengi wakakimbia kwenda juu. Kila mtu angefanya vivyo hivyo. Lakini handaki linalopanda ni kama bomba la moshi la jikoni: moshi wote hupanda, tena hupanda upesi kuliko miguu ya mtu. Mmoja wao alikuwa ametumika miaka mingi kwa kujitolea katika kikosi cha zimamoto. Alijua tabia ya moshi, akawaambia wenzake washuke, wapite kando ya moto. Watu 12 walishuka. Nao ndio peke yao waliopona katika treni ile. Walikufa 150 waliokuwa pamoja nao, na wawili katika treni nyingine iliyokuwa inashuka, na watatu katika kituo cha juu ambako moshi ulifika. Jumla ni watu 155: Waaustria 92, Wajerumani 37, Wajapani 10, Wamarekani 8, na wengine wa mataifa mengine.

Mwaka 2004 mahakama iliwaachilia washitakiwa wote 16. Sisi hatuingilii hukumu ya mahakimu. Lakini swali moja si la mahakimu tu, ni la kila mtu: kwa nini watu wengi namna ile walipandishwa katika handaki bila nyundo, bila mtungi wa kuzimia moto, bila mlango ambao abiria angeweza kuufungua? Jibu ni kwamba moto haukutazamiwa kabisa. Treni haina injini, haina petroli, imetengenezwa kwa chuma, itawakaje? Ilikuwa imepanda na kushuka tangu mwaka 1974 bila kuwaka. Kila mwaka uliopita salama ulihesabiwa kuwa ushahidi kwamba hatari haipo. Kumbe kimoja ni kutotokea kwa jambo, kingine ni kutoweza kutokea. Treni ile haikubeba abiria tena kamwe. Siku hizi watu hupandishwa kwa magari ya kamba yanayopita nje, hewani.

Mottarone, mwaka 2021

Habari ya mwisho ndiyo iliyotusukuma kuandika makala hii. Mlima Mottarone uko pia kaskazini ya Italia, juu ya ziwa kubwa liitwalo Maggiore. Wakati wa baridi watu hucheza ski juu yake, na wakati wa joto hupanda kutazama ziwa. Hadi mwaka 2021 gari la kamba lilikuwa likiwapandisha kutoka mji wa Stresa. Mwaka 2021 gari hilo lilikuwa limefunguliwa tena mwezi wa nne, baada ya kufungwa kwa ajili ya ugonjwa wa Korona.

Breki yake ya hatari ilikuwa na ubovu. Ilijifunga yenyewe mara kwa mara bila sababu iliyoonekana, na gari likasimama. Mafundi waliitwa, lakini ubovu haukwisha. Kuutengeneza vema kungedai kusimamisha kazi siku kadhaa. Basi wakatumia vyuma viwili vyenye umbo la uma, ambavyo kazi yake ni kuizuia breki wakati gari halina mtu, mafundi wanapolishughulikia. Wakaviacha mahali pake, abiria wakapandishwa.

Siku ya Dominika, tarehe 23 mwezi wa tano, karibu na saa sita na nusu ya mchana, gari lilikuwa karibu kabisa kufika kituo cha juu. Kamba ya kuvuta ikakatika. Breki, iliyowekwa kwa ajili ya saa ile hasa, haikuweza kuuma, kwa kuwa ilikuwa imezuiwa. Gari likarudi nyuma kwa mbio za kutisha, likaruka kutoka kwenye kamba penye nguzo, likaanguka. Katika watu 15, wakafa 14. Alipona mtoto wa miaka mitano.

Wachunguzi waliona baadaye kwamba nyuzi nyingi za kamba ile zilikuwa zimekwisha kuharibika kabla ya siku hiyo. Siku chache baada ya msiba mmoja wa wakubwa wa kazi alikiri kwamba walijua vyuma vile vilikuwapo.

Toka Cavalese hadi Mottarone ni miaka 45. Nchi ni ile ile, chombo ni cha namna ile ile, na kosa ni la aina moja: kinga imezimwa na mkono wa binadamu ili kazi isisimame. Wale 43 walikuwa wamekwisha kulipa bei ya fundisho hili. Lilikuwa limeandikwa mahakamani na katika magazeti. Hata hivyo halikuwa hai katika mioyo ya watu waliofunga vyuma vile.

Kwa nini mtu huzima kinga yake?

Ingekuwa rahisi kusema kwamba watu hao ni waovu, halafu tukafunga kitabu. Tungekosa kujifunza. Hakuna aliyetaka kuua. Tufuate mawazo yao, maana yanafanana na yetu.

Kwanza, kinga husumbua kila siku, lakini huokoa mara moja tu. Breki inayojifunga ovyo huchelewesha abiria, nao hununikia mwenye kazi, na fedha za tiketi hupotea. Hasara hiyo inaonekana kwa macho. Faida ya breki haionekani mpaka saa ya hatari. Kwa hiyo siku baada ya siku yule anayesumbua huonekana ndiye adui.

Pili, mtu hujiambia: «Kamba haikatiki kamwe.» Ni kweli kwamba hukatika kwa nadra sana. Lakini breki haikuwekwa kwa ajili ya siku zote ambazo kamba ni nzima. Tena ubovu wa breki na uchakavu wa kamba yalikuwa mambo mawili mbalimbali. Hakuna aliyedhani yatakutana. Mtu azimaye kengele kwa sababu imelia bure mara kumi, ameizima pia kwa mara ya kumi na moja.

Tatu, hujiambia: «Ni leo tu, mpaka fundi atakapokuja.» Leo ikipita salama, kesho inakuwa rahisi zaidi. Baada ya majuma machache hakuna anayeona tena kwamba kuna kosa. Wahenga walisema: usipoziba ufa, utajenga ukuta. Hapa hata ukuta haukuwa na nafasi ya kujengwa.

Nne, anayeamua kuzima kinga mara nyingi si yeye anayeketi ndani ya gari. Abiria hawakuulizwa. Walilipa tiketi, wakaingia na watoto wao, wakiamini kwamba watu wengine wamekesha kwa ajili yao.

Mambo ya kushika

Basi tumejifunza nini? Tutataja mambo matano, bila maneno mengi.

La kwanza: kinga ikisumbua, tengeneza kinga au simamisha kazi, usiizime. Hakuna njia ya tatu.

La pili: kumbukumbu ya zamani ni mwalimu mwema, lakini si mdhamini. Galtür waliamini ramani, Kaprun waliamini miaka 26 isiyo na moto.

La tatu: afadhali kuwaza hatari ambayo haitakuja kuliko kukutana na hatari ambayo hukuiwaza. Nyundo ya dirisha ni kitu kidogo, cha bei ndogo.

La nne: mafundisho ni lazima yafike kwa watu wenyewe, yasikae tu kwa wakubwa. Katika Kaprun watu 12 waliokolewa na maarifa ya mtu mmoja aliyefundishwa tabia ya moshi.

La tano: habari ya msiba isifichwe, tena isiachwe kufa. Isimuliwe kwa kila fundi mpya anayeingia kazini, pamoja na hesabu ya waliokufa na sababu yake. Kizazi kilichoona msiba huogopa chenyewe. Kizazi kinachofuata hakiogopi kisipoambiwa.

Sasa turudi kwa neno la wazee wetu. Tukilipima kwa habari hizi, tunaona kwamba zipo ajali zinazompita mwanadamu nguvu, na mbele ya hizo tunanyamaza na kulia pamoja na wafiwa. Lakini katika Cavalese kinga ilikuwapo, ikazimwa. Katika Mottarone kinga ilikuwapo, ikafungwa kwa vyuma. Katika Kaprun ingaliweza kuwapo, nayo haikuwekwa. Wafu wa mahali pale hawakufa kwa sababu ajali haina kinga.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, uwe dereva au nahodha, fundi au mlinzi wa mashini, au mzazi tu anayewasafirisha watoto wake, ukisikia watu wanasema neno lile baada ya msiba, usiwakatalie mbele ya wafiwa. Ngoja mazishi yapite. Halafu uulize kwa upole, lakini uulize mpaka ujibiwe: kinga ilikuwa wapi, nani aliiondoa, na je, imekwisha kurudishwa mahali pake?